Rangi ya chumba cha futi kumi kwa kumi huchaguliwa ukutani, si dukani

Ukiingia duka la rangi Nakuru, Kisumu au Kakamega ukasema unataka rangi ya chumba kidogo, karibu kila mara utaambiwa nyeupe au krimu. Jibu hilo hutolewa kabla mtu hajakuuliza dirisha linatazama wapi, sakafu ni ya rangi gani, balbu ni ya aina gani, na kama jiko la gesi limo humo humo karibu na kitanda. Mambo hayo manne ndiyo yanayoamua rangi itakavyoonekana ukishaipaka. Jina lililoandikwa kwenye kadi ya rangi haliamui kitu.

Tuanze na nyeupe, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi. Nyeupe haina mwanga wake, hurudisha ule unaoifikia. Chumba chenye madirisha makubwa pande mbili kikipakwa nyeupe hung'aa. Lakini chumba cha ploti chenye dirisha moja la futi tatu kwa tatu, linalotazama ukuta wa jirani, kikipakwa nyeupe ile ile, pembe zake huwa kijivu mchana kutwa kama shuka iliyofuliwa bila sabuni. Mwenye chumba hudhani fundi ameongeza maji kwenye rangi. Fundi hana kosa. Kivuli kikiangukia nyeupe tupu huonekana kijivu waziwazi, lakini kikiangukia rangi iliyotiwa unjano au wekundu kidogo huonekana kama sehemu ya rangi yenyewe, na jicho halikioni kama uchafu.

Kampuni za rangi hupima kila rangi inarudisha mwanga kiasi gani, kwa namba kutoka 0 hadi 100. Kwenye baadhi ya kadi namba hiyo huandikwa LRV. Nyeupe safi huwa karibu 85, krimu na rangi ya ganda la yai huwa kati ya 70 na 80, kijivu cha wastani 40 hadi 50, na bluu iliyokolea huwa chini ya 10. Kwa chumba kidogo chenye mwanga hafifu, tafuta rangi ya 65 hadi 75 yenye unjano au wekundu kidogo ndani yake. Kwa chumba kinachopigwa na jua la jioni moja kwa moja, usiogope kushuka hadi 55, la sivyo ukuta utakuumiza macho. Kadi ikikosa namba, mwombe muuzaji aitafute kwenye kompyuta ya mashine ya kuchanganyia, akitumia kodi ya rangi, yaani namba yake ya utambulisho (code).

Jua letu si la Ulaya

Ushauri mwingi unaosomwa kwenye simu umeandikwa na watu wa Uingereza au Marekani. Husema chumba cha dirisha la kaskazini ni baridi na kiza, cha kusini kina jua mwaka mzima. Huku kwetu ushauri huo hauna kazi. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu, na Nakuru iko kusini yake kidogo tu. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Dirisha la kaskazini na la kusini hugawana mwaka nusu kwa nusu, na kwa kuwa saa za adhuhuri jua huwa karibu na utosi, paa hulizuia lisiingie ndani sana.

Mashariki na magharibi ndiyo yenye tofauti kubwa. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi, lenye unjano, hadi kama saa nne, kisha chumba hubaki na mwanga wa anga tu, ambao una usamawati. Mtu anayeondoka kwenda kazini alfajiri na kurudi jioni haoni kabisa ile saa nzuri ya chumba chake. Anakiona kikiwa kimepoa. Huyo apake rangi ya kukipasha joto, hata kama saa mbili asubuhi itaonekana imezidi kidogo.

Dirisha la magharibi mjini Kisumu ni habari nyingine. Kuanzia saa tisa jua huingia likiwa chini, huchoma ukuta wa pili na kugeuza kila rangi kuwa ya machungwa. Krimu nzito hapo huwa kama siagi iliyoyeyuka. Waridi huwa rangi ya damu ya mzee. Rangi zinazostahimili jua hilo ni kijani kilichofifia, kile cha jani kavu la mwarobaini, au kijivu chenye ukijani, au samawati iliyopauka sana. Zikipigwa na jua la jioni hutulia tu.

Hapa pana jambo la kuweka wazi, maana watu hutapeliwa nalo: rangi ya ndani haipunguzi joto la chumba kwa kiasi cha kuhisika. Samawati itakufanya uone chumba kimetulia, lakini kama juu ni mabati bila dari, utatoka jasho vile vile. Joto hupunguzwa na dari, na hewa inayopita, na ukuta wa nje wa magharibi kupakwa rangi nyepesi. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, weka dari kwanza.

Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, shida hugeuka. Asubuhi ni baridi, na chumba cha kijivu chenye usamawati huko hufanya mtu atamani kurudi chini ya blanketi. Rangi ya mchanga, ya uji wa wimbi uliotiwa maziwa mengi, au ya ganda la yai la kuku wa kienyeji hukaa vizuri. Kuna vumbi pia, hasa Januari na Februari. Ukuta mweupe ulio karibu na dirisha la barabarani huanza kuonyesha mstari wa hudhurungi chini ya kizingiti baada ya wiki chache. Rangi ya mchanga haizuii vumbi, ila hailitangazi.

Kinachorudishwa na sakafu na jirani

Sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa kwa polishi iko katika nyumba nyingi za magharibi na bonde la ufa, na ndiyo inayosahaulika kuliko kitu chochote. Mwanga ukiingia dirishani hugonga sakafu kwanza, kisha hupanda ukutani ukiwa umebeba wekundu. Simama chumbani saa sita mchana utazame futi mbili za chini za ukuta mweupe: ni waridi. Hakuna aliyeupaka waridi. Sasa weka kijivu chenye usamawati juu ya sakafu hiyo, na chini utapata zambarau iliyochafuka wakati juu bado ni kijivu. Watu hurudi dukani kulalamika kwamba mikebe miwili haikufanana, kumbe mikebe haina neno.

Juu ya sakafu nyekundu, rangi zenye unjano hupatana na wekundu huo, na kijani kilichofifia huupunguza nguvu. Samawati na kijivu baridi viache. Kama umeshanunua mkeka wa plastiki au zulia la kufunika sakafu yote, basi zulia ndilo sakafu, chagua kulingana nalo. Vigae vyeupe vya kung'aa hurudisha mwanga mwingi bila rangi, na vinakupa uhuru mkubwa zaidi.

Nje ya dirisha kunafanya vivyo hivyo. Ukuta wa jirani wa matofali mekundu futi nne kutoka dirishani huleta wekundu. Ua wa kijani kibichi huleta ukijani unaoonekana hasa kwenye dari. Uwanja wa udongo mwekundu wa Kakamega, jua likiuwakia, hupaka dari rangi ya chungwa hafifu. Kabla ya kuchagua chochote, bandika karatasi nyeupe ya kawaida kwenye ukuta wa ndani kabisa na nyingine kwenye dari, uzitazame mchana. Rangi unayoiona kwenye karatasi ndiyo mwanga wa chumba chako, na itaongezwa juu ya kila rangi utakayonunua.

Balbu kabla ya brashi

Chumba cha kulala hutumika zaidi usiku, kwa hiyo balbu ina kauli kubwa. Balbu nyingi za LED za bei ya chini ni za mwanga mweupe unaoelekea samawati, na kwenye boksi zimeandikwa 6500K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Chini yake krimu hupoteza unjano ikawa kama karatasi iliyokaa, na uso wa mtu kwenye kioo huonekana mgonjwa. Zilizoandikwa 2700K au 3000K zina mwanga wa njano. Chini yake krimu na rangi ya mchanga hupendeza, lakini samawati hufifia ikawa kijivu cha vumbi. 4000K iko katikati na ndiyo tunayoipendekeza kwa bedsita, ambako mtu hupika, husoma na hulala mahali pamoja.

Kama ukuta wako wa sasa unakuchukiza usiku tu na mchana hauna shida, badilisha balbu kwanza, usiku mmoja. Mara nyingi mambo huishia hapo.

Jinsi ya kujaribu

Kadi ya dukani ina kipande cha rangi kidogo kama stempu, kimechapwa kwenye karatasi ya kung'aa, na unakitazama chini ya taa za duka. Ukutani rangi hiyo hiyo itaonekana imekolea zaidi. Sababu yake inaeleweka: kuta nne zinatazamana. Mwanga ukigonga ukuta wa njano huondoka na unjano, hugonga ukuta wa pili wa njano, huongeza unjano tena. Chumba kikiwa kidogo, mwanga huruka mara nyingi zaidi kabla ya kupotea. Ndiyo maana krimu iliyopendeza sebuleni kwa rafiki hugeuka kiini cha yai kwenye chumba cha futi kumi. Ukishaipenda rangi kwenye kadi, shuka hatua moja kwenda iliyopauka zaidi katika mstari huo huo. Kwa njano, waridi na kijani, shuka mbili.

Nunua mkebe mdogo kabisa unaouzwa wa rangi mbili unazozifikiria, zisizidi tatu. Chukua manila nyeupe, ile karatasi ngumu, upake mikono miwili, yaani tabaka mbili, ukiacha ukingo mweupe wa inchi mbili pande zote. Ukingo huo una kazi: bila huo, jicho hulinganisha rangi mpya na ukuta wa zamani na kudanganyika. Ikishakauka kabisa, kunja manila katikati uibandike kwenye pembe ya chumba, nusu ukuta huu na nusu ule. Hapo pembeni ndipo nusu mbili hutazamana na kukuonyesha kwa kiasi kidogo jinsi chumba kizima kitakavyokolea. Usihukumu rangi ikiwa mbichi, kwa maana rangi nyingi za maji huongeza ukolevu kidogo zikikauka.

Itazame saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku taa ikiwaka. Ukiwa Kakamega au Bungoma, itazame pia alasiri mvua inapokaribia na anga imefunga, kwa sababu hali hiyo utaiona siku nyingi za mwaka. Hamisha manila hadi ukuta wenye dirisha, ambao huwa na kiza kuliko zote kwa kuwa mwanga hauugongi moja kwa moja. Rangi inayokubalika hapo itakubalika kila mahali. Siku mbili zinatosha.

Dari, ukuta mmoja na ule mkanda wa chini

Dari ya chumba kidogo iwe nyeupe isiyong'aa, au rangi ya ukuta iliyopunguzwa sana kwa nyeupe. Kama dari iko chini, futi nane au pungufu, paka rangi ya ukuta hadi juu kabisa, na usiache mkanda mweupe wa inchi sita kama unavyoonekana kwenye picha. Mkanda ule hushusha dari machoni. Unafaa chumba chembamba chenye dari ya juu, si hiki.

Ukuta mmoja wa rangi tofauti unapendwa sana siku hizi, na katika chumba kidogo unaweza kufanikiwa ukichagua ukuta sahihi. Chumba kirefu chembamba, kama futi 8 kwa 12, hufupishwa vizuri kwa kukoleza ule ukuta mfupi wa mwisho, kwa sababu rangi iliyokolea huusogeza karibu. Chumba cha mraba, koleza ukuta wa kichwani mwa kitanda. Usikoleze ukuta wenye dirisha: mwanga unaoingia ukipakana na rangi nyeusi nyeusi huumiza macho, na ukuta wenyewe hubaki kiza. Na kando ya ziwa kuna sababu nyingine ya kwenda polepole na rangi za giza. Mbu hupenda kutua kwenye sehemu zenye giza, na kwenye ukuta wa bluu iliyokolea hutamwona hata akiwa karibu na mto wako.

Sasa ule mkanda wa rangi ya mafuta wa futi tatu au nne chini ya ukuta, kama wa shuleni na zahanati. Wenye ploti huupenda kwa sababu unafutika. Wana haki: sehemu hiyo ndiyo inayoguswa na viti, vichwa vya watoto, mitungi ya gesi na maji ya kupiga deki. Ubaya ni kwamba mkanda wa hudhurungi chini ya krimu hukata chumba kiunoni. Jicho huona vyumba viwili vifupi vilivyopandana badala ya kimoja kirefu.

Suluhisho tunalolisisitiza ni kutumia rangi moja kwa aina mbili: chini rangi ya mafuta au silki nzito (rangi ya maji yenye mng'ao kiasi) inayoosheka, juu rangi ya maji isiyong'aa, zote zimechanganywa kwa kodi moja. Utaona tofauti ya mng'ao tu, tena ukiwa karibu. Kama mwenye nyumba anadai chini kuwe na giza ili kufiche uchafu, chukua rangi ile ile ya juu iliyokolea hatua mbili zaidi kwenye kadi, si rangi ya ukoo mwingine. Na mstari wa kukutania uwe sawa na kizingiti cha dirisha. Hapo tayari pana mstari ambao jicho limeuzoea, hutaongeza wa pili.

Tukiwa kwenye mng'ao: rangi isiyong'aa huficha ukuta usionyooka, lakini ukiisugua kwa kitambaa cha maji huacha alama. Silki huosheka ila humulika kila tundu na kila alama ya mwiko, hasa jua likiingia kwa pembeni. Katika bedsita yenye jiko la gesi au stovu ya mafuta taa, kuta mbili zilizo karibu na jiko zipakwe silki, hata ukitumia isiyong'aa kwingine. Moshi wa mafuta ya kukaangia hunasa kwenye rangi isiyong'aa, hugeuka unjano, na hauondoki.

Ukuta ukiwa mgonjwa, rangi haitaponya

Rangi nzuri kwenye ukuta mbaya hubambuka, na nyingi hubambuka kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni plasta mbichi. Saruji mpya inahitaji angalau wiki nne kukauka, na zaidi kama ilipigwa wakati wa masika. Ukipaka mapema, unyevu hutoka na ukali wa saruji, rangi hufifia kwa mabaka, na rangi ya mafuta hulainika ikawa kama sabuni. Kupima ni rahisi: bandika kipande cha nailoni cha futi moja kwa tepu pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone nyuma ya nailoni, subiri. Hata ukuta ukishakauka, anza na praima, yaani rangi ya kutangulia, ya kuzuia ukali wa saruji.

Ya pili ni chumvi, ule unga mweupe unaochipuka futi mbili au tatu kutoka sakafuni. Sehemu za Kisumu zilizo karibu na maji, na popote nyumba ilijengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, zina shida hii. Usiioshe. Maji huiyeyusha, huirudisha ndani, kisha hutoka tena. Ing'oe kwa brashi ngumu ikiwa kavu, ukusanye unga, usubiri wiki mbili, ung'oe tena. Kama inarudi kila mara, tafuta maji yanapotoka, mtaro wa nje uliojaa au udongo uliorundikwa juu ya usawa wa sakafu. Na kwenye ukuta huo usipake rangi ya mafuta hata kidogo, maana huziba unyevu ndani na kufura malengelenge. Isiyong'aa huuacha ukuta upumue.

Ya tatu ni chokaa ya zamani. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, rangi mpya itashika unga na wala haitashika ukuta. Kwangua, fagia, futa kwa sponji yenye maji, ukishakauka paka dawa ya kushikanisha ndipo uendelee.

Ukuta uliowahi kupakwa rangi ya mafuta hausameheki ukiupaka rangi ya maji juu yake bila maandalizi. Itatoka kwa ukucha. Usugue kwa msasa namba 120 hadi mng'ao uishe wote, kisha praima. Msasa uwe wa kulowesha maji, na watoto wakae mbali, kwa kuwa rangi za mafuta za miaka ya nyuma, hasa njano, nyekundu na kijani, zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Kwa walio Migori na Homa Bay, ambako nyumba zimewahi kupulizwa dawa ya mbu ukutani: ukipaka rangi juu ya dawa unaifunika na inaacha kufanya kazi. Maliza kupaka kabla ya wapulizaji kuja.

Hesabu

Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kuta za futi 9 kina kuta za futi mraba 360. Toa mlango wa futi mraba 21 na dirisha la futi mraba 16, unabaki na 323, sawa na mita mraba 30. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika mita mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Kwenye ukuta mpya unaonyonya hufunika 8 au pungufu. Mkono wa kwanza utakula karibu lita 4, wa pili lita 3. Mikebe miwili ya lita 4 inatosha na kubakisha kidogo. Dari ya mita mraba 9 kwa mikono miwili ni lita 2. Praima ihesabiwe peke yake.

Kupaka rangi ya mwanga juu ya rangi ya giza huongeza mkono wa tatu. Fundi akikuambia mkono mmoja unatosha kufunika maruni kwa krimu, mwambie apake kipande cha futi mbili akuonyeshe.

Mikebe yote inunuliwe siku moja, na kama rangi imechanganywa kwa mashine, imwage yote kwenye ndoo safi ya lita 20 uikoroge pamoja, kwa sababu hata mashine hutofautiana kidogo kati ya mkebe na mkebe. Kwa wale wanaochanganya wenyewe kwa steina za vichupa, yaani rangi kali ya kutilia nyeupe, hilo ni sharti. Rangi ya kuchanganywa kwa macho haiwezi kurudiwa. Ikiisha ukuta wa tatu ukiwa nusu, utapaka chumba upya. Tia steina matone machache kwa wakati mmoja, koroga hadi mistari yote iishe, paka kipande cha kadibodi, kikauke, ndipo uongeze.

Maji ya kuongeza: mkono wa kwanza kwenye plasta mpya, nusu lita hadi lita moja kwa mkebe wa lita 4. Mkono wa pili, kikombe kimoja au bila kabisa. Rangi iliyozidishwa maji hutiririka, hukauka na mabaka, na rangi uliyoijaribu kwenye manila haitatokea hata ukipaka mikono mitano.

Kupaka

Anza na dari, kisha pembe na kingo kwa brashi ya inchi mbili, kisha rola ya inchi tisa. Paka kingo za ukuta mmoja na uujaze kwa rola papo hapo kabla hujaenda wa pili. Fundi anayezunguka chumba kizima na brashi kwanza huacha fremu inayoonekana daima, kwa sababu kingo zilikauka kabla rola haijafika. Kisumu mchana rangi hukauka upesi mno, na kila mahali rola ilipoinuliwa hubaki mshono. Fanya kazi kabla ya saa nne, funga dirisha lenye jua, na upake ukuta mzima bila kupumzika. Nakuru wakati wa vumbi, mwagia maji uwanja wa mbele ya dirisha kabla hujafungua mkebe wa rangi ya mafuta.

Acha muda wa saa nne upite kati ya mikono miwili ya rangi ya maji, na usiku mzima kama mvua inanyesha. Tepu uliyobandika kulinda kingo ing'olewe rangi ingali na unyevu kidogo, kwa pembe, taratibu. Ukiiacha hadi kesho itaondoka na ukingo.

Rangi iliyobaki imimine kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko mgumu, ijae hadi juu ili hewa isiikaushe, na uandike juu yake kodi, aina ya mng'ao na tarehe. Kwenye ukuta usiong'aa, doa dogo linaweza kuguswa kwa sponji na lisionekane. Kwenye silki doa lililoguswa hung'aa kama kiraka, kwa hiyo paka ukuta ule wote, kutoka pembe hadi pembe.